Kamaru wa Kangema: Kiongozi wa Bendi na Uzito wa Neno

Mtoto wa mmoja wetu alirudi nyumbani siku moja na kazi ya shule: aandike habari za kiongozi wa okestra. Kitabuni mlikuwa na picha ya bwana mmoja wa Ulaya aliyevaa koti refu jeusi, kijiti mkononi, amewapa mgongo wasikilizaji wake. Baba yake akamweleza kwamba jambo hilo si geni kwetu, kwani vikundi vya taarab vya Unguja na Mombasa vilikusanya udi, kanuni, fidla na ngoma mahali pamoja, na kila kikundi kilikuwa na mtu mmoja ambaye wengine wote walimtupia jicho kabla ya kuanza. Bibi yake, aliyezaliwa bara, katika mtaa wa Majengo mjini Nyeri, kabla ya kuolewa huku kwetu, alicheka. Akasema kwamba kiongozi wa muziki anayemkumbuka yeye hakuwa na kijiti wala koti, na wala hakuwapa watu mgongo. Aliwatazama usoni, gitaa kifuani, akawasema. Jina lake Joseph Kamaru, mtu wa Murang'a.

Mtoto aliandika juu ya bwana wa kijiti, kama alivyotakiwa. Sisi tuliobaki barazani tuliendelea kumsikiliza bibi mpaka vikombe vikapoa, na makala haya yametokana na usiku ule na yale tuliyoyatafuta baadaye. Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu hawapendi kusikia habari za bendi, na hatumlazimishi mtu kusikiliza santuri. Lakini maisha ya mtu huyu yanagusa mambo ambayo kila nyumba ina haki ya kuyazungumza: usalama wa binti shuleni, thamani ya kusema kweli mbele ya wakubwa, na nani atakayetunza sauti ya mzee akishafariki.

Murang'a iko kaskazini ya Nairobi, mwendo wa kilomita themanini na ushei, njia ya kwendea Nyeri na Mlima Kenya. Waingereza waliiita Fort Hall, kwa jina la Francis Hall, ofisa wao aliyefia huko mwaka 1901, na jina hilo liliendelea kutumika hadi nchi ilipopata uhuru. Kwa Wakikuyu, pale ndipo penye chimbuko lao, kwani Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo masimulizi yao yanamweka Gikuyu na mkewe Mumbi na mabinti zao, pamo katika wilaya hiyo. Ardhi yake ni ya migongo na mabonde. Mto mmoja hujavuka vizuri, mwingine umekwisha kukukabili. Chini hulimwa kahawa, juu kwenye baridi hulimwa chai, na huko juu, katika miteremko ya safu ya Nyandarua, ndiko iliko Kangema. Joseph Kamaru alizaliwa huko mwaka 1939.

Mtoto aliyezaliwa Murang'a mwaka ule alikulia mahali ambapo wimbo ulikuwa jambo zito. Tangu zamani Wakikuyu walikuwa na gĩcandĩ, kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa nje, ambacho washairi wawili walikishika wakashindana kwa mafumbo, huyu akifunga na yule akifungua. Msomaji aliyelelewa na tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa hatahitaji kuelezwa mchezo huo, kwa kuwa kufunga na kufungua fumbo ni desturi yetu pia, na tofauti ni kwamba wenzetu wa bara walilifunga fumbo lao pamoja na mlio wa kibuyu. Halafu ukaja wakati wa ugomvi na serikali ya kikoloni. Mwaka 1930 serikali ilipiga marufuku wimbo ulioitwa Muthirigu, uliowakejeli machifu na wamishonari, na watu wakatiwa ndani kwa kosa la kuimba. Miaka ya vita vya Mau Mau, nyimbo za mapambano zilitiwa katika mahadhi ya kanisani, hata askari aliyepita njiani akidhani watu wamo katika ibada.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba mwaka 1952, Kamaru akiwa na miaka kumi na mitatu. Muda si mrefu watu wa Murang'a walihamishwa kutoka katika migongo yao wakakusanywa katika vijiji vilivyozungukwa na handaki na miiba, chini ya ulinzi wa askari, wanawake wakifanyishwa kazi za lazima mchana na kurudi ndani jioni kabla ya marufuku ya kutembea. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Huo ndio utoto aliotoka nao kijana huyu, na tunaamini kwamba mtu aliyejifunza mapema kuwa neno laweza kumfunga mtu jela halichukulii neno kwa wepesi maisha yake yote.

Mwaka 1957 aliondoka kwao akaenda Nairobi kutafuta kazi. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Waingereza kuwafagia Wakikuyu mjini humo kwa maelfu, na aliyetaka kuingia alihitaji vibali. Alifanya kazi za watu: kazi za nyumbani, kufua nguo, kufanya usafi. Katika mapato hayo madogo alijinunulia gitaa, na jioni akajifundisha kulipiga.

Hapa mwanamke mmoja miongoni mwetu aliingilia mazungumzo kwa kuuliza ni wangapi katika wafanyakazi wetu wa nyumbani ambao tumewahi kuwauliza wanajifunza nini wakishamaliza vyombo. Hatukuwa na la kumjibu.

Ilimchukua takriban miaka kumi kujulikana. Mwaka 1967 ilitoka santuri ya wimbo uitwao Celina, aliouimba pamoja na dada yake, Catherine Muthoni, na hapo jina la Kamaru likaenea katika nyanda zote za Mlima Kenya. Sauti ya dada pembeni ya kaka ilikuwa na maana yake. Katika nyimbo za mazungumzo, mwanamume peke yake huwa anahubiri. Akisimama mwanamke akamjibu, wimbo unakuwa kama baraza ya nyumbani, kila upande una hoja yake.

Ili tuelewe kazi ya kiongozi wa bendi wa zama zile, yafaa tukumbuke ile sahani ndogo nyeusi ambayo wazee wetu waliiweka kwenye gramafoni. Santuri hizo zilikuwa na upana wa inchi saba, zikizunguka mara arubaini na tano kwa dakika, na kila upande ulichukua muda wa dakika tatu au nne hivi. Muziki uliopigwa arusini au kwenye ngoma ya kijijini ungeweza kuendelea nusu saa bila mtu kulalamika. Kiongozi alipoingia studio ilimbidi aukate, apange gitaa lianze wapi, mwitikio uje mara ngapi, na kisa kifike nusu sehemu ya kwanza ili msikilizaji aigeuze sahani mwenyewe kwa hamu ya kusikia mwisho. Hakuna aliyeandika muziki huo kwenye karatasi. Wapigaji walishika mambo yao kichwani, na kiongozi aliwaashiria kwa jicho, kwa bega, au kwa kugeuza tu namna anavyogusa nyuzi. Bendi ya Kamaru iliyojulikana zaidi iliitwa Kamaru Super Stars. Magitaa yake yalikuwa ya kisasa, lakini ndani yake mlisikika mwendo wa ngoma za nyumbani na za mwomboko, ile densi ya Wakikuyu inayopigiwa kinanda cha mkono cha kuvuta na kusukuma pamoja na pete ya chuma inayogongwa kwa ufito.

Hata hivyo watu hawakumfuata kwa ajili ya magitaa. Walimfuata kwa maneno. Kamaru alijiona kuwa mwalimu. Tungo zake zilijaa methali na mafumbo ya Kikuyu cha ndani, na vijana wa mjini, waliokwisha kuanza kuisahau lugha ya bibi zao, walijifunza Kikuyu kizuri kwake. Ana wimbo mmoja, Tiga Kuhenia Igoti, ambao jina lake peke yake ni amri kamili: acha kuidanganya mahakama. Msomaji ambaye amekaa mahakamani siku nzima kwa ajili ya shamba la urithi, akawasikia mashahidi wakila yamini na kusema uongo, atafahamu kwa nini wimbo kama huo ulipendwa.

Tufike sasa kwenye wimbo uliotufanya tuandike makala haya. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Kamaru alitoa santuri iliyoitwa Ndari ya Mwarimu. Mwarimu ni mwalimu. Ndari ni neno la kubembeleza ambalo Wakikuyu walilikopa kwa Waingereza, kwa maana ya kipenzi. Kwa hiyo jina la wimbo ni "kipenzi cha mwalimu", na habari yenyewe ni ile ambayo kila mzazi aijua na aghalabu huisema kwa kunong'ona: mwalimu anayemfanya mwanafunzi wake kuwa mpenzi.

Wakati ule nchi ilikuwa na miaka michache ya uhuru, na mwalimu alikuwa mtu mkubwa kijijini. Ndiye aliyeandika barua za watu, ndiye aliyesoma barua za watu, ndiye aliyevaa viatu kila siku. Mzazi aliyemtoa binti yake shuleni kwa dhiki, akauza mbuzi alipe karo, hakuwa na ujasiri wa kumshitaki mtu kama huyo. Na binti akishika mimba, aibu ilikuwa ya binti, na kufukuzwa shule ilikuwa kwa binti, na mwalimu alihamishiwa shule nyingine akaanza upya. Kamaru aliyatoa hayo chumbani akayaweka sokoni, kwenye gramafoni za hoteli na maduka, yakisikika kwa kila apitaye.

Walimu walikasirika mno. Chama chao cha kitaifa kilidai wimbo uondolewe, na kukawa na tishio la mgomo. Tuliposikia habari hiyo kwa mara ya kwanza tulidhani ni chumvi ya wasimuliaji, kwamba walimu wa nchi nzima watishie kuacha kazi kwa sababu ya sahani ya inchi saba. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwetu jambo hili linatoa ushahidi kuliko hukumu yoyote, kwa maana wimbo wa uongo hucheka watu wakausahau, na wimbo uliogusa donda ndio unaomfanya mtu aruke.

Hatusemi kwamba walimu wote walistahili kupakwa tope. Wengi wao walikuwa waadilifu, na bila shaka waliumia kuona watu wakiwacheka njiani kwa makosa ya wenzao. Hilo nalo ni jambo la haki, na mtunzi yeyote anayeisema kazi nzima kwa kosa la wachache hana budi kulipima. Lakini chama kilichokuwa tayari kugoma kwa ajili ya heshima ya walimu kingeweza pia kuuliza, japo mara moja, habari za wasichana. Ilipita karibu miongo minne ndipo Kenya ikapata Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, inayomtaja waziwazi mwenye cheo na madaraka anayemdhulumu aliye chini yake, na mwaka 2010 Tume ya Kuwaajiri Walimu ikatoa waraka wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma hiyo, pamoja na kumtaka kila mwalimu anayejua asinyamaze. Wimbo ulikuwa umetangulia zamani.

Wazee wa pwani watakumbuka kwamba nasi tulikuwa na mfano wetu kabla ya huo. Siti binti Saad, yule mwanamke wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kwanza za Kiswahili, aliimba wimbo uitwao Kijiti, juu ya mwanamke mgeni aliyedhulumiwa na kuuawa Unguja, na jinsi mwenye kosa alivyotoroka na mashahidi wa kike wakaadhibiwa na mahakama. Siti na Kamaru hawakuonana, na lugha zao mbali. Kazi yao ni moja: kulibeba mbele za watu jambo la mwanamke ambaye hakupata pa kulisemea.

Mwaka 1975 ukaleta mtihani wa namna nyingine. Josiah Mwangi Kariuki, ambaye nchi nzima ilimwita JM, alikuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini, mfungwa wa zamani wa kambi za Mau Mau, na msemaji mkali wa maskini waliokosa ardhi baada ya uhuru. Tarehe 2 Machi alionekana mara ya mwisho katika hoteli moja kubwa ya Nairobi. Mwili wake uliokotwa katika milima ya Ngong. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi, na nchi ikajaa minong'ono na hofu. Watu waliokuwa na vyeo waliona salama yao ni kunyamaza.

Kamaru alitoa wimbo wa kumlilia JM. Tukumbuke alikuwa nani wakati huo: mwanamuziki Mkikuyu, aliyekuwa na uhusiano mzuri na Rais Jomo Kenyatta, ambaye santuri zake ziliuzwa sana na watu wa nyumbani kwa rais mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Kimya kingempa fedha na usingizi. Aliimba, na mapenzi baina yake na ikulu yakakatika.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukampamba, tukasema kwamba alikuwa shujaa asiyetetereka. Maisha hayakuwa hivyo. Alipoingia madarakani Daniel arap Moi, Kamaru alikuwa rafiki yake. Alifuatana na msafara wa rais kwenda Japani, na aliporudi akatoa wimbo, Safari ya Japan, wenye kusifu. Baadhi ya mashabiki wake hawakuupenda, na sisi hatuoni haya kusema kwamba mtu aliyemlilia JM alikuwa na deni la kuwa mwangalifu zaidi na sifa za watawala. Lakini tusisahau ugumu wa kazi yake. Kiongozi wa bendi ana wapigaji wanaongoja mshahara, ana studio ya kulipia, ana redio moja tu nchini ya kupigia nyimbo zake, na redio hiyo ni ya serikali. Mwenye kumlaumu kwa safari ile ajiulize ni mialiko mingapi ya wakubwa amewahi kuikataa yeye.

Urafiki huo nao haukudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kamaru alisimama na waliodai mfumo wa vyama vingi, na Murang'a kwao ndiko walikotoka Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliowekwa kizuizini Julai mwaka 1990 kwa kudai hayo hayo. Katika mwaka huo polisi walivamia wauza kanda wa River Road, mtaa wa Nairobi uliokuwa moyo wa biashara ya muziki wa Kikuyu, wakikamata kanda zenye maneno ya siasa. Wimbo, kwa mara nyingine tena, ukawa jambo la kumtia mtu ndani, kama enzi za Muthirigu. Tofauti ni kwamba mara hii serikali ilikuwa ya wenyewe.

Yapo mengine ambayo hatutayarefusha katika gazeti linalosomwa na watoto. Katika miaka hiyo hiyo mwalimu wa maadili alikuwa pia na maonyesho ya usiku yaliyotangazwa kuwa ya watu wazima peke yao. Wasikilizaji wake walijua, wakacheka, wakagawanyika. Bibi yetu wa Majengo, alipofika hapo, alisema tu kwamba mwanadamu ana mifuko miwili, kisha akaomba aongezewe chai.

Mwaka 1993 Kamaru aliwashangaza wote. Alitangaza kuwa ameokoka katika dini yake ya Kikristo, akaivunja Kamaru Super Stars, bendi iliyomlisha na kumpa jina, akaanza kuimba nyimbo za dini na kuongoza kwaya. Kwa hesabu ya biashara ilikuwa hasara, kwani wanunuzi wa santuri za zamani hawakumfuata wote huko alikokwenda. Mtu wa miaka hamsini na nne aliyejenga kitu kwa mikono yake tangu enzi za kufua nguo za watu, akakivunja mwenyewe kwa sababu ya anachokiamini, hatuna la kumwambia ila kwamba tumemwona. Baadaye nyimbo zake za zamani zilizidi kupendwa, na watu walimtaka aziimbe tena.

Alikuwa pia mfanyabiashara. Lebo na duka lake la muziki mjini Nairobi liliitwa City Sounds, jambo lililompa uhuru ambao waimbaji wengi wa zama zake hawakuwa nao, wa kuchapa kazi zake bila kuomba ruhusa. Yasemekana santuri zake zilizouzwa zilifika nusu milioni. Lakini kanda zilipoingia, wizi ukawa mwepesi: mtu mmoja mwenye mashine mbili aliweza kunakili usiku mmoja kazi ya mwaka mzima ya mtu mwingine, na asubuhi akaiuza kando ya njia kwa bei ya karanga. Wajane na mayatima wa watunzi wengi wa Kenya walirithi jina kubwa na mfuko mtupu. Wasomaji wetu wenye waimbaji wa taarab na kasida katika koo zao wanalijua hili bila sisi kulieleza.

Miaka ya mwisho alishikwa na maradhi ya Parkinson, yale ya kutetemeka na kukaza viungo. Kwa mpiga gitaa, hatuwezi kufikiri ugonjwa mzito zaidi ya huo. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2018 katika hospitali mjini Nairobi, akiwa na miaka sabini na tisa, na rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, mwana wa yule aliyekosana naye kwa ajili ya JM, akawa miongoni mwa waliotuma rambirambi.

Desturi ya Wakikuyu ni kwamba mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, ili mzee awe na wa kumrudisha. Kwa njia ya namna hiyo yuko Joseph Kamaru mwingine, mjukuu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1997 na ambaye sasa anaishi Berlin, Ujerumani. Naye ni mtu wa sauti, lakini hapigi gitaa la babu. Anakwenda na kinasa sauti sokoni, barabarani, msituni, akakusanya mvumo wa mvua, wa umeme, wa watu wanaopita, akaupanga polepole hata msikilizaji akasahau ni saa ngapi. Albamu yake iitwayo Peel, iliyotoka mwaka 2020, ilimfanya ajulikane Ulaya na Marekani.

Huyo ndiye aliyechukua jukumu la kuzikusanya santuri za babu yake, zilizotawanyika makabatini, baadhi zimekwaruzika, akazisafisha na kuzitoa upya kupitia intaneti, ambako mjukuu wa mtu wa Kangema aliyeko ughaibuni anaweza kumsikia Celina na kulipa, na malipo yakafika panapostahili. Wapo wazee wetu hapa pwani ambao kanda zao zimo katika mabweta chini ya vitanda, zinaliwa na unyevu wa bahari, na hakuna mjukuu aliyeuliza.

Ili asichanganywe na babu yake, kijana huyo aliondoa irabu mbili katika jina akabaki na herufi nne: KMRU. Mtoto wetu wa kazi ya shule, anayesoma madrasa jioni, alipoliona jina hilo kwenye simu ya baba yake hakusita hata kidogo. Alisema limeandikwa kama katika msahafu wa wakubwa, bila fataha wala kasra, na alisome ajuaye. Akalisoma: Kamaru. Bibi akamwomba atafute wimbo wa yule mzee badala ya wa kijana, kwa kuwa katika ule wa kijana, alisema, amengoja dakika kumi na hakuna neno hata moja lililosemwa.